UZI: Tatsuya Nakadai, samurai wa sinema aliyekataa kuwa mali ya studio

Pazia Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila mjadala wa filamu za samurai humu unaishia kwa mwigizaji Toshiro Mifune, na anastahili. Leo lakini naomba tumzungumzie mtu aliyesimama mbele ya upanga wa Mifune mwaka 1961, akarudi 1962, akarudi tena 1967, na mara zote tatu akauawa. Kwa sababu hiyo wengi wamebaki wanamjua kama "yule adui". Anaitwa Tatsuya Nakadai. Alifariki tarehe 8 Novemba 2025 akiwa na miaka 92, na miezi michache kabla ya hapo alikuwa bado anapanda jukwaani.

Hoja yangu naiweka mapema ili mwenye kupinga ajipange. Nakadai ni mtu wa jukwaa kwanza, sinema baadaye. Alikataa kwa makusudi kufungwa na studio ili jukwaa lisimponyoke, na uamuzi huo ndio ulioleta karibu kila kitu kikubwa alichofanya mbele ya kamera.

Naandika kwa vipande, mnivumilie.

Alizaliwa Tokyo tarehe 13 Desemba 1932. Baba yake alikuwa dereva wa basi, akafariki mwanawe akiwa bado mdogo, na familia ikaanza kuhangaika. Vita ilimkuta Tokyo. Mwezi Mei 1945 ndege za Marekani zilipomwaga mabomu ya moto upande wa Aoyama, Nakadai alikuwa na miaka 12. Katika kukimbia alimshika mkono msichana mdogo asiyemjua ili wakimbie pamoja. Bomu likampiga yule mtoto. Nakadai aliporudisha macho, alikuwa ameshika mkono tu. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe mara nyingi uzeeni. Nakitaja kwa sababu mtu ukimtazama anavyocheza wanajeshi, wauaji na watawala, utaona kwamba hachezi kifo kama mapambo.

Baada ya vita alifanya vibarua mchana na kusoma shule ya jioni. Mwaka 1952 akaingia chuo cha mafunzo cha kikundi cha maigizo cha Haiyuza. Hapo ndipo habari yenyewe inaanza.

Mtoto wa Pwani

Nimekaa mkao wa kula. Endelea mkuu.

Mzee wa Kanda

Mleta uzi, kabla hujaenda mbali. Huyu ndiye yule mwenye bastola kwenye Yojimbo, ile filamu ya Mifune ya 1961? Mwenye skafu shingoni na tabasamu la ajabu?

Pazia Jekundu

Ndiye, mzee wangu. Mhusika anaitwa Unosuke. Nitamfikia.

Tuanze na Haiyuza maana bila hiyo hamtamwelewa. Nyota wengi wa filamu za kihistoria za Japani walitoka kwenye kabuki, ule mchezo wa jadi ambao mtoto hulelewa ndani ya ukoo wa waigizaji na kurithi jina. Kazuo Hasegawa alitoka huko. Kinnosuke Nakamura alitoka huko. Raizo Ichikawa alichukuliwa kama mtoto na mkongwe wa kabuki, akaingia kwenye sinema mwaka 1954, akafariki 1969 akiwa na miaka 37 tu. Hawa walikuja wakiwa na miondoko tayari mwilini: namna ya kukaa, kugeuka, kushika upanga.

Nakadai hakuwa na ukoo wowote wa namna hiyo. Alitoka kwenye shingeki, maigizo ya kisasa yaliyojengwa juu ya kina Ibsen, Chekhov na Shakespeare. Haiyuza ilianzishwa mwaka 1944, vita ikiwa bado inaendelea, na kiongozi wake mkubwa alikuwa Koreya Senda, mtu aliyewahi kuishi Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambaye baadaye aliwafungulia Wajapani mlango wa Bertolt Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Ujerumani. Kwa Senda mwigizaji alifundishwa kuifanyia kazi sauti yake. Kushusha, kupandisha, kuificha, kuitoa kifuani au kooni kufuatana na umri na hali ya mhusika. Shikeni jambo hili la sauti, tutalihitaji.

Mwaka 1955 Nakadai alicheza Oswald kwenye tamthilia ya Ibsen inayoitwa Mizuka. Mwigizaji wa kike Yumeji Tsukioka alimwona pale, na hiyo ikamfungulia nafasi kwenye filamu ya mwaka 1956. Kwa hiyo hata mlango wa sinema ulifunguliwa na jukwaa.

Sasa jambo la studio. Mwaka 1953 kampuni tano kubwa, yaani Shochiku, Toho, Daiei, Shintoho na Toei, zilikubaliana kwamba hakuna kumchukua mwigizaji wala mwongozaji wa kampuni nyingine. Ukisaini Toho, wewe ni wa Toho. Ukileta ubishi, milango mingine yote imefungwa. Nakadai alifuatwa na mikataba akaikataa. Aliugawa mwaka: takriban nusu kwa maigizo ya Haiyuza, nusu kwa filamu, na filamu hizo afanye na yeyote.

Tazameni matokeo. Mwaka 1959 yumo kwenye Kagi ya Kon Ichikawa chini ya Daiei, na mwaka huohuo yumo kwenye Ningen no Jōken ya Masaki Kobayashi iliyosambazwa na Shochiku. Mwaka 1960 yuko Toho na Mikio Naruse, akicheza meneja wa baa mjini Tokyo kwenye hadithi ya mwanamke anayepanda ngazi za baa ya Ginza kila jioni. Mwaka 1961 ni Yojimbo ya mwongozaji Akira Kurosawa. Nyota mwenye mkataba wa kudumu angewezaje kuzunguka namna hiyo?

Msomi wa Jukwaa

Mkuu hapo kwenye kugawa mwaka umenigusa. Mimi nimeigiza jukwaani na pia nimefanya tamthilia za runinga. Runinga inalipa, jukwaa halilipi. Mtu kukataa mkataba wa studio wakati nchi imetoka vitani na yeye amekulia kwenye umaskini, huo si uamuzi mdogo. Wengi tungesaini siku hiyohiyo.

Lulu ya Ziwa

Samahani, mimi mgeni kwenye haya mambo. Ningen no Jōken ndiyo nini? Nimeona watu wanasema ni ya saa tisa.

Pazia Jekundu

Karibu sana dada Lulu. Ni filamu tatu zinazofuatana, 1959 hadi 1961, na ukiziunganisha zinapita saa tisa na nusu. Si ya samurai. Ni ya vita, lakini ndiyo iliyomfanya Nakadai kuwa Nakadai, kwa hiyo siwezi kuiruka.

Anacheza Kaji, kijana mwenye msimamo wa utu anayekwenda Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, wakati Japani imeikalia. Anapewa kazi ya kusimamia wafanyakazi wa mgodini, na miongoni mwao wanaletwa mateka wa Kichina. Anajaribu kuwatendea kama binadamu ndani ya mfumo uliojengwa kuwatendea kama wanyama. Mfumo unamshinda. Anapelekwa jeshini, anapigwa na askari wakongwe, anakwenda mstari wa mbele, Wasovieti wanaingia, anakuwa mateka. Mwisho anatembea peke yake kwenye theluji akielekea nyumbani kwa mkewe.

Kobayashi mwenyewe alikuwa askari Manchuria na alikataa kupandishwa cheo kuwa afisa. Kwa hiyo aliyekuwa nyuma ya kamera alikuwa anajua anachokisema. Na Nakadai, ambaye filamu ilipoanza kutoka alikuwa na miaka 26, anabeba saa zote hizo mabegani. Mtazameni uso wake sehemu ya kwanza kisha sehemu ya tatu. Yale macho makubwa mwanzoni ni ya mtu anayeamini maneno yake. Mwishoni ni macho ya mtu anayetafuta pumzi.

Mzee wa Kanda

Sasa turudi kwenye panga, tafadhali.

Pazia Jekundu

Haya mzee, tuje kwenye panga, na panga linaanza na Kurosawa kumchosha.

Kwenye Shichinin no Samurai (Seven Samurai) ya Kurosawa ya mwaka 1954, wakulima wanapokaa mjini kutafuta samurai wa kuwaajiri, kuna samurai asiye na bwana anapita barabarani kwa sekunde chache. Huyo ni Nakadai, mwanafunzi wa Haiyuza, hana hata jina kwenye orodha ya waigizaji. Alisimulia kwamba Kurosawa alimfanya arudie kutembea tangu asubuhi hadi mchana umekwenda, kwa sababu hakuwa anatembea kama samurai. Na kweli hakujua. Kijana wa shingeki, amezoea koti na viatu vya Ibsen, upanga kiunoni unamvuta upande mmoja. Umati wa waigizaji umesimama unamsubiri yeye. Aliondoka pale na uchungu, akaapa hatafanya kazi na Kurosawa tena.

Miaka kadhaa ikapita. Kurosawa anamwita kwa ajili ya Yojimbo. Nakadai anakataa. Wanapokutana anamkumbusha ile siku ya kutembea, na Kurosawa anamjibu kwamba anaikumbuka vizuri sana, na ndiyo maana anamtaka.

Unosuke ni mtu wa hatari wa aina mpya. Wote mjini wana mapanga, yeye ana bastola. Mifune anaingia kila mahali na mabega yake, anajikuna, anatafuna kijiti. Nakadai ametulia, uso laini, karibu mzuri, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Mwaka uliofuata, Tsubaki Sanjūrō. Safari hii yeye ni Muroto Hanbei, mwenye akili na mwenye heshima yake, si mhuni. Mwisho wanasimama yeye na Mifune karibu kabisa, kimya, muda mrefu kuliko tulivyozoea. Halafu pigo moja, na damu inaruka kama bomba limepasuka. Baada ya hapo filamu nyingi za Japani zilijaribu kuiga ile damu. Ule ukimya wa kabla yake haukuigika kirahisi, maana unahitaji watu wawili wanaojua kusimama.

Mzee wa Kanda

Hapo sasa nikuingilie kwa heshima. Mimi ni mtu wa Mifune tangu enzi za kanda. Mifune hakutoka kwenye jukwaa. Alizaliwa Qingdao kule China, akawa jeshini wakati wa vita, akaenda Toho akitafuta kazi upande wa kamera, wakamkuta kwenye usaili wa sura mpya. Hakuwa na Senda wala Ibsen. Na bado akitokea kwenye fremu hutazami kitu kingine. Je, hiyo haivunji hoja yako kwamba jukwaa ndilo linalojenga?

Pazia Jekundu

Hoja nzuri, na siikwepi. Mifune ni mmoja, alikuja na nguvu yake na hakuhitaji shule ya mtu. Mimi sisemi kila mwigizaji mkubwa lazima atoke jukwaani. Nasema *huyu* alitoka huko, na ukimwondolea jukwaa hubaki na kitu.

Ushahidi wangu mkubwa ni Seppuku ya mwaka 1962, ambayo wengi tunaijua kama Harakiri. Kwangu hiyo ndiyo kilele chake, na naiweka juu ya chochote Mifune alichowahi kufanya. Najua utanibishia.

Mwaka ni 1630. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha, koo nyingi zimevunjwa na serikali ya Tokugawa, na samurai waliokosa mabwana wanazagaa na njaa. Tsugumo Hanshirō, aliyekuwa akitumikia ukoo uliovunjwa kule Hiroshima, anafika kwenye jumba la ukoo wa Ii mjini Edo, ambayo leo ni Tokyo, na kuomba ruhusa ya kujipasua tumbo uani mwao. Ni ombi ambalo wengine walikuwa wanalitumia ili wapewe senti chache waondoke. Msimamizi wa ukoo, anayechezwa na Rentaro Mikuni, anamsimulia kisa cha kijana aliyekuja na ombi hilohilo kabla yake. Kijana huyo ukoo ulimlazimisha afanye kweli, na kwa vile upanga wake wa chuma alikuwa ameshauuza, walimlazimisha atumie ule wa mwanzi aliokuja nao.

Tsugumo anasikiliza. Halafu anaketi kwenye mkeka mweupe katikati ya ua na kuanza kusimulia habari yake mwenyewe, na polepole tunagundua yule kijana alikuwa mkwewe.

Sasa fikirieni. Sehemu kubwa ya filamu mtu ameketi chini anaongea. Hana farasi, hana mbio, hana umati wa kukata. Ana sauti na uso. Tsugumo ni baba wa mwanamke aliyeolewa, ni babu. Nakadai alikuwa na miaka 29! Akira Ishihama aliyecheza mkwewe alipishana naye kwa miaka miwili hivi tu. Kilichomzeesha si rangi ya usoni. Ameishusha sauti hadi chini kabisa, kavu, bila haraka, kisha anakuja kuipandisha pale anapotaka ukoo mzima usikie. Hiyo ni kazi ya Senda. Hiyo ni Haiyuza, imeketi kwenye mkeka.

Anacheka mara chache kwenye ile filamu, na kila anapocheka watu wa ukoo wanatazamana.

Na pigano lake na Tetsuro Tamba kwenye uwanda wa upepo, nyasi zinalala. Nakadai alisimulia kwamba mapanga waliyotumia yalikuwa ya kweli. Ukijua hilo, ile hadhari yao ya miguu unaielewa vingine. Filamu ilikwenda kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 1963 ikarudi na tuzo maalumu ya majaji.

Msomi wa Jukwaa

Naongeza kidogo hapo. Kwenye jukwaa, kukaa ni kigumu kuliko kutembea. Ukitembea hadhira inakufuata. Ukikaa lazima uivute kwako. Nimeitazama Seppuku nikiangalia mikono yake tu. Haichezichezi. Kila akiinyanyua kuna sababu.

Mtoto wa Pwani

Mimi namjua kutoka ile ya The Sword of Doom. Ile mwisho wake sikuielewa, inakatika tu katikati ya pigano.

Pazia Jekundu

Kijapani ni Daibosatsu Tōge, ya Kihachi Okamoto, mwaka 1966. Inatoka kwenye riwaya ndefu mno ya Kaizan Nakazato, na ilipangwa kuendelea kwenye sehemu nyingine ambazo hazikutengenezwa. Ndiyo maana inakatika.

Lakini mimi naona mwisho ule unamfaa kabisa Tsukue Ryūnosuke, mhusika wa Nakadai. Ni mtu anayeua bila chuki na bila furaha. Filamu inaanza anamuua mzee aliyekuwa anasali kwenye njia ya mlimani, na hatuelezwi kwa nini. Kuna kipande Mifune, safari hii kama mwalimu wa upanga, anawaangusha watu wengi kwenye theluji, na Nakadai amesimama pembeni anatazama. Hafanyi chochote. Tunamwona tu mtu ambaye kwa mara ya kwanza ameogopa. Hawapigani kamwe kwenye filamu ile, na kipande kile kinanitosha kuliko mapigano yao mengine.

Okamoto huyohuyo mwaka 1968 alimpa Kiru, ambayo ni ya kuchekesha. Nakadai ni samurai wa zamani aliyeukimbia usamurai, njaa imemkamata, anatabasamu tu na kuwapanga watu. Miaka miwili tu imepita tangu lile jinamizi la Ryūnosuke, ungesema ni watu wawili tofauti.

Miaka ile alikuwa hapumziki. Kwa Hiroshi Teshigahara mwaka 1966 alicheza mtu aliyeungua uso na kutengenezewa uso wa bandia. Kwa Hideo Gosha mwaka 1969 alicheza Goyōkin na Hitokiri. Goyōkin ilitakiwa iwe yeye na Mifune, Mifune akaondoka katikati ya kazi, na nafasi ikachukuliwa na Kinnosuke Nakamura. Kwa hiyo kuna filamu ambayo mtoto wa kabuki na mtoto wa shingeki wanakutana kwenye theluji. Itafuteni.

Mzee wa Kanda

Kuna filamu ya wachunga ng'ombe ya Kitaliano niliwahi kuiona, Bud Spencer yumo, na adui ni Mjapani anayetumia panga kubwa. Ni yeye?

Pazia Jekundu

Ni yeye, mzee. Ni ya Tonino Cervi, mwaka 1968, na Dario Argento alishiriki kuiandika. Mzunguko wake unapendeza: Sergio Leone aliichukua Yojimbo akaigeuza kuwa filamu ya Clint Eastwood mwaka 1964, halafu Waitaliano wakaenda kumleta Unosuke mwenyewe. Filamu si kubwa, ila Bud Spencer na Nakadai kwenye fremu moja ni kitu cha kuona.

Lulu ya Ziwa

Na jukwaani je? Umesema nusu ya mwaka ni ya jukwaa, lakini mpaka sasa umetupa filamu tu.

Pazia Jekundu

Umenibana vizuri dada. Shida ya jukwaa ni kwamba linaondoka na waliolitazama, ndiyo maana watu wa mbali tunamjua nusu.

Mwaka 1964 alicheza Hamlet chini ya Senda. Miaka ya 1970 akacheza Richard III. Kwa nyakati tofauti alikuwa Othello, alikuwa Macbeth, alikuwa yule mchuuzi mzee wa tamthilia ya Mmarekani Arthur Miller. Hata kwenye runinga alipocheza Taira no Kiyomori mwaka 1972, kwenye tamthilia ya kihistoria ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, iliyokwenda mwaka mzima, alikuwa anabeba mtawala mkubwa kama watu wa jukwaani wanavyombeba.

Mwaka 1975 yeye na mkewe Yasuko Miyazaki, ambaye naye alikuwa mwigizaji na alikuwa anaandika na kuongoza, walifungua nyumbani kwao shule ndogo ya waigizaji, Mumeijuku. Wanafunzi hawakulipa ada. Mafunzo miaka mitatu, sauti, mwili, upanga, tamthilia za dunia. Mmoja wa waliopita pale ni Koji Yakusho, aliyeshinda tuzo ya mwigizaji bora Cannes mwaka 2023 kwa filamu ya Wim Wenders kuhusu msafisha vyoo wa Tokyo. Kabla ya hapo Yakusho alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya wilaya mjini Tokyo, na hata jina la usanii alipewa na Nakadai. Tazama jinsi Yakusho anavyokaa kimya kwenye filamu ile. Kuna mtu alimfundisha.

Tangu mwaka 1985 Mumeijuku walikuwa wanakwenda kuweka kambi ya mazoezi Nakajima, mji mdogo wa rasi ya Noto kwenye mkoa wa Ishikawa. Wenyeji na waigizaji wakazoeana, na mwaka 1995 ukafunguliwa ukumbi wa maigizo palepale. Ukuta wa nyuma wa jukwaa unafunguka, na mtazamaji anaona uwanja na miti halisi. Mwaka 2009 Nakadai alicheza Macbeth pale, farasi wanakuja mbio kutoka nje, na wenyeji wamevaa kama askari.

Miyazaki alifariki mwaka 1996. Nakadai hakuifunga shule.

Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko kubwa liliipiga Noto. Mwaka 2025 Nakadai alirudi kwenye ukumbi uleule na tamthilia ya Brecht, Mama Courage na Watoto Wake, kwa ajili ya watu wa huko, na yeye mwenyewe ndiye Mama Courage, mwanamke anayevuta mkokoteni wake wa biashara kati ya majeshi huku vita ikimchukulia watoto mmoja mmoja. Alikuwa na miaka 92. Mtoto aliyekimbia mabomu ya Aoyama, mwanafunzi wa mtu aliyemleta Brecht Japani. Serikali ilishampa Nishani ya Utamaduni mwaka 2015, angeweza kukaa nyumbani.

Mtoto wa Pwani

Hii sehemu ya Noto nimeisoma mara mbili.

Lulu ya Ziwa

Mimi swali langu ni Ran, filamu yake na Kurosawa. Nimeiona. Kusema kweli niliona anazidisha. Macho yametoka, uso umepakwa kama kinyago, anapepesuka. Kwa nini mtu aliyetulia hivyo kwenye Seppuku acheze hivi?

Pazia Jekundu

Si wewe peke yako unayeliona hilo, na naomba nilijibu kwa kuanzia Kagemusha ya mwaka 1980, maana zinashikana.

Kagemusha haikuwa yake. Ilikuwa ya Shintaro Katsu, yule aliyecheza Zatoichi, mpiga panga kipofu. Katsu alifika kazini na kamera yake ya video ili ajirekodi anavyoigiza, Kurosawa akakataa, wakavunja. Nakadai akaitwa. Anacheza watu wawili: Takeda Shingen, mtawala wa vita aliyefariki mwaka 1573, na mwizi anayefanana naye anayewekwa mahali pake ili maadui wasijue. Kuna wanaosema Katsu angekuwa mwizi mzuri zaidi, na kwa upande wa mwizi nakubali. Ila kwa upande wa Shingen sioni mwingine. Filamu ile iligawana na nyingine Palme d'Or, tuzo kuu ya Cannes.

Ran ya mwaka 1985 imejengwa juu ya King Lear ya Shakespeare. Nakadai ana miaka 52, anacheza mtawala mzee Hidetora. Kumpaka uso kulichukua takriban saa nne kila siku, na sura ile imetoka kwenye vinyago vya noh, mchezo wa jadi ambao Kurosawa aliupenda maisha yake yote. Kwa hiyo kile unachokiona kama kuzidisha ni mtindo uliochaguliwa. Hidetora anapopoteza akili, uso wake unaacha kuwa wa mtu mmoja na kuwa kinyago cha wazee wote waliomwaga damu. Huo ndio utetezi wangu. Kama bado hukubaliani, sikulazimishi.

Ila kipande kimoja nakuomba ukirudie. Ngome ilijengwa kweli kwenye miteremko ya mlima Fuji, ikachomwa kweli, na haikuwezekana kurudia. Nakadai anatoka ndani ya moto, anashuka ngazi, ala tupu ya upanga inaburura, na majeshi ya wanawe yanampisha pande mbili. Akijikwaa, kazi ya miezi imeharibika. Mtu aliyehangaishwa kutwa mwaka 1954 kwa kutojua kutembea, mwongozaji yuleyule anamwachia matembezi hayo kwa mara moja tu.

Mzee wa Kanda

Hapo umeniweza. Hiyo nakubali.

Lulu ya Ziwa

Nitairudia. Lakini nipe mpangilio wa kuanza, mimi na mume wangu tuna wikendi tu.

Pazia Jekundu

Seppuku kwanza. Kisha Tsubaki Sanjūrō, kisha Ran.

Msomi wa Jukwaa

Mimi ningeanza na Kiru. Mume wako kama si mtu wa filamu za zamani, Seppuku itamlaza nusu saa ya kwanza. Kiru ina kasi, ina kicheko, na mtamzoea Nakadai kabla hajawaumiza.

Pazia Jekundu

Sawa, anzeni na Kiru Ijumaa. Lakini Seppuku muitazame Jumamosi usiku, simu zikiwa mbali, na sauti ya runinga juu, maana akishusha sauti pale uani mtapitwa na maneno.